Bi Nakala Alipomkasirikia Mungu

Kanisani kwao palikuwa na utani kwamba ukibandika maharage makavu jikoni Bi Nakala anapoanza kuomba, atakapofika kwenye amina utakuwa umeshayaunga na kuyala. Waliosema hivyo ndio hao hao waliomwita kila penye jambo. Mgonjwa akilazwa, aitwe Bi Nakala. Kijana akipata kazi, aitwe Bi Nakala. Maana yule mama alijua kuomba, jamani. Alianza na sifa za Mwenyezi, akazipanga kwa ngazi kama vyeo, akashuka taratibu kwenye shukrani, na pale ambapo wenye magoti mabovu walishaanza kuegemea viti, ndipo alipoingia kwenye ombi lenyewe.

Msimcheke. Mazoea yana tabu. Mtu aliyekalia kiti cha katibu muhtasi miaka thelathini na minne, mlangoni pa wakubwa sita waliopokezana, hawezi kuongea na Mkubwa wa wakubwa kama anayeagiza chumvi dukani. Alikuwa amechapa barua zisizo na idadi, kwanza kwa taipureta ya chuma iliyomwachia vidole vigumu, baadaye kwa kompyuta, na kila barua ilikuwa na kumbukumbu namba juu na orodha ya wanaopelekewa nakala chini. Hata jina alilipata huko. Karatasi yoyote ikipita mezani kwake, swali lilikuwa moja tu: "Nakala iko wapi?" Yeye alistaafu, jina likagoma kustaafu.

Na maombi yake ya nyumbani aliyachapa. Alikuwa na majalada ya kijani kabatini, chini ya mashuka, na humo kila ombi lilikuwa na karatasi yake. *Yah: Ombi la kazi kwa mtoto wa pili. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.* Chini kabisa, *Mtumishi wako mtiifu*, na sahihi. Ombi likijibiwa, aliandika kwa kalamu nyekundu "Limejibiwa" na tarehe. Lisipojibiwa, alisubiri muda wa kutosha kisha akapeleka barua ya kukumbushia, kwa adabu ile ile. Mtu mwingine angeona ni kichekesho, lakini yeye aliona ni heshima, na mimi siwezi kusema hakuwa na heshima.

Ila kulikuwa na jambo moja alilolitoa ofisini akalipeleka mahali pasipolihusu. Mkubwa wake wa kwanza, mzee mmoja aliyenusa tumbaku na kusahau miwani kichwani, alimfundisha sheria: barua ya hasira haitumwi. Ichape ukitaka, uitie droo, uende nyumbani. Kesho ukirudi utaichana mwenyewe. Sheria hiyo iliokoa vibarua vya watu wengi katika jengo lile. Bi Nakala aliishika kama amri ya kumi na moja, na hakuwahi kumwambia mkubwa yeyote neno la hasira, wa duniani wala wa mbinguni.

Mumewe alikuwa fundi bomba, mrefu, mkimya, mtu wa maneno matatu kwa siku. Matatu kwa binadamu, yaani. Akishalala chali, kichwa kikiwa ndani ya kabati chini ya sinki na miguu imetanda jikoni nzima, ungemsikia.

"Baba, nati hii nayo kiburi chake kimetoka wapi? Haya, taratibu. Asante. Sasa yule mtoto wetu mdogo hajapiga simu wiki ya pili hii. Wewe unajua yuko salama, mimi je?"

Kisha anacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyenong'onezwa jambo.

Bi Nakala alikuwa akisimama mlangoni na kikombe cha chai ya mumewe, akaona wivu. Nasema wivu, si neno lingine. Angekuwa anaongea na mwanamke, angejua pa kuanzia. Lakini utamgombeza vipi mume kwa kuongea na Mungu, tena bila hata kufunga macho?

Siku moja alikuwa anakunja nguo, likamjia wazo lililomkalisha kitandani na soksi mkononi: Mungu namheshimu, lakini simpendi. Alijaribu kulifukuza, likakaa. Ibada hakukosa, sadaka hakukosa, adabu ndiyo usiseme. Lakini kumpenda, kumtamani jinsi mtu anavyotamani kufika nyumbani avue viatu, hakujua kunafananaje. Na umri ulikuwa umeshakwenda. Aliogopa kufa hivyo, afike mbele za Mungu kama mgeni mwenye barua ya utambulisho. Hofu hiyo hakumwambia mtu. Nani angemsadiki, naye ndiye fundi wa maombi?

Mtaa wa pili kutoka kwao palikuwa na kinyozi, na mke wake, binti wa miaka ishirini na ushee, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Mtoto aliishi siku nne. Wiki ya pili baada ya maziko, akina mama wa kikundi cha maombi waliona yule binti haongei, hali vizuri wala hatoki nje, wakakata shauri: aitwe Bi Nakala.

Alikwenda alasiri pamoja na wenzake wawili. Chumba kilikuwa nyuma ya duka la kinyozi, kimetengwa na ukuta mmoja tu, na mashine ya kunyolea ilikuwa ikinguruma upande wa pili. Kinyozi alikuwa ameshafungua kazi, kwa sababu nywele za watu hazingoji msiba wa mtu. Mkewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda amejifunika shuka mabegani. Dirishani, kwenye kamba, nepi sita zilikuwa bado zimeanikwa, zimekauka siku nyingi mpaka zimekakamaa, na hakuna aliyethubutu kuzianua.

"Pole, mwanangu," Bi Nakala alisema.

"Asante, Mama."

Wakainamisha vichwa. Bi Nakala akasafisha koo. "Ewe Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na nchi, mwenye enzi na mamlaka yote, tunakuja mbele zako kwa unyenyekevu mkubwa. Kwanza kabisa tunakushukuru kwa..."

"Mama."

Ilikuwa sauti ndogo, lakini Bi Nakala alifumbua macho kama aliyemwagiwa maji. Tangu aanze kuomba mbele za watu hakuna aliyewahi kumkatiza.

"Samahani, Mama," yule binti alisema. "Usimshukuru kwa niaba yangu."

Mmoja wa wale wenzake akaanza, "Usikufuru, mwanangu, kazi ya Mungu haina..." Bi Nakala akamgusa mkono anyamaze. Alikuwa akitafuta sentensi. Mtu ambaye ofisi nzima ilimtegemea kwa sentensi alitafuta moja, akaikosa, na mashine ya kinyozi ikanguruma weee, hajaipata.

"Wewe umewahi kufiwa na mtoto?" binti akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua.

"Nimewahi," Bi Nakala alisema, na wale wenzake wakageuka kumtazama, kwa maana walikuwa wamejuana naye miaka mingi na hawakuwa na habari. "Wa kwanza. Msichana. Siku tisa."

"Ulimwambia nini Mungu?"

"Nilimwandikia kabla hajafa, kumwombea. Baada ya hapo sikumwambia kitu."

Binti akavuta shuka mabegani. "Basi ukimwambia, urudi unieleze alisemaje. Mimi sijui hata nianzie wapi."

Bi Nakala alipofika nyumbani alivua viatu, akaenda moja kwa moja kabatini, akainua mashuka. Jalada alilolitaka lilikuwa la chini kabisa. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai. *Yah: Ombi la uponyaji wa mtoto mchanga.* Aliichapa saa ya chakula cha mchana, wenzake wameenda kula, alipopita ofisini mara moja kutoka wodini, na alikumbuka kwamba maziwa yalikuwa yakimvujia kwenye blauzi huku anachapa, naye akajifunika kwa koti ili mkubwa akirudi asione. Barua haikuwa na kosa hata moja. Chini yake, kwa kalamu nyekundu, "Limefungwa", na tarehe.

Alipekua. Nyuma ya karatasi ile hapakuwa na kitu. Maombi mengine yote yaliyonyamaziwa aliyakumbushia mara mbili, mara tatu, hata lile la bati la jikoni lililovuja. Hili hakuuliza kwa nini. Hakulalamika. Aliitia hasira droo ili ipoe, kama alivyofundishwa, akarudi kazini wiki ya tatu na nywele zimesukwa, akasubiri kesho ambayo angeichana. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Haukuwa umepoa hata kidogo. Alikuwa ameufungia tu, na akapitia mlangoni pake kila Jumapili akiimba.

Mumewe aliporudi na kunawa mikono, alimkuta mezani na ile karatasi mbele yake.

"Fundi," alimwambia, maana ndivyo alivyomwita siku zote, "mtoto wetu alipokufa, wewe ulimwambia nini Mungu?"

Mzee akaitundika taulo polepole. "Leo kumetokea nini, mama watoto?"

"Nijibu kwanza."

"Nilimsema vibaya." Akavuta kiti. "Nilimwambia mimi ni fundi bomba tu, na sijawahi kuvunja kitu cha mtu halafu nikaondoka kimya kimya. Nilimwambia mengi. Hukumbuki miezi minne sikukanyaga kanisani?"

"Ulikuwa unaumwa mgongo."

"Sikuwa naumwa mgongo."

Bi Nakala alimtazama mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote ile. Mgongo huo alikuwa ameufungulia karatasi, *Yah: Maumivu ya mgongo wa mume*, akaukumbushia mara mbili, na mzee aliporudi kanisani akauandikia kwa furaha kwamba umejibiwa. Alitaka kukasirika, akacheka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umenyooka mno. Unakwenda kazini, unaimba, unawafariji hata waliokuja kukufariji. Nikajua wewe na Mungu mmeshaelewana, mimi ndiye imani haba. Niliona haya."

"Na alikujibu?"

Mzee alifikiri, akikwangua gundi ya mabomba kwenye kucha. "Siku moja niko chini ya sinki la watu, namsema, nikaishiwa. Maneno yote yakaisha. Nikanyamaza, nikahisi yupo pale pale, hajaondoka. Unajua ninavyokuwa sebuleni na wewe uko jikoni? Hatuongei, lakini nyumba ina mtu. Hivyo. Tangu hapo naongea naye tu. Mabaya yote nimeshamwambia, nimfiche nini tena?"

Asubuhi ya pili yake, mzee alipokwenda kazini, Bi Nakala aliingia chumbani na kurudishia mlango. Akapiga magoti. "Ewe Mwenyezi Mungu, Muumba wa..." Akaacha. Akainuka, akaketi kitandani kama aliyefika kwa mtu wa kwao, ila aliogopa kuliko siku ya usaili wake wa kwanza wa kazi.

"Mtoto wangu," alisema, na sauti haikuwa ile ya kanisani, ilikuwa nyembamba na mbaya. "Mtoto wangu nilikuomba vizuri. Nilikuomba kwa heshima zote, maziwa yananivuja, na wewe ukaninyamazia. Ulikuwa na kazi gani wiki ile? Nimekusifu miaka thelathini na moja nikiwa nimekukasirikia. Nimechoka. Nimekukasirikia, unasikia? Nimekukasirikia sana."

Akashika godoro kwa mikono miwili, akingoja. Alijua wakubwa. Alijua kinachotokea mtu akishasema neno kama hilo mbele yao, jinsi mlango unavyofungwa na jina linavyotoka kwenye orodha. Nje jirani alikuwa akisugua sufuria kwa mchanga. Hapakutokea kitu. Akalia basi, kilio alichokuwa amekiahirisha tangu ujana, cha makamasi na kwikwi, kisichofaa mbele ya mtu yeyote mwenye cheo. Alilia mpaka jirani akamaliza masufuria yake na kuondoka.

Alipotulia, alijikuta ametulia kweli. Chumba kilikuwa kile kile, kabati, pazia, viatu vya mzee chini ya kiti, lakini hakuwa peke yake humo, na hilo alilijua bila kuthibitishiwa na mtu. Kisha akamkumbuka mtoto.

Mtoto yule hakuwa na picha hata moja. Kwa miaka mingi Bi Nakala hakuweza kuikumbuka sura yake. Alikumbuka blanketi, namba ya kitanda, kiatu cha muuguzi kilicholia sakafuni, lakini mahali pa uso palikuwa patupu, na aibu ya kumsahau mwanawe mwenyewe ilikuwa imemkaa kifuani pamoja na mengine. Sasa alimwona. Aliona sikio la kushoto, lililokunjika kwa juu kama la baba yake. Alikuwa akilinyoosha kwa kidole, nalo linajikunja tena, analinyoosha, linajikunja. Siku ya tano walicheza hivyo kutwa.

"Lile sikio," alisema kwa sauti. "Lilikuwa kaidi lile." Akaanza kusimulia. Alisimulia sikio, na vidole vilivyomshika, na jinsi alivyopiga chafya akajishtua mwenyewe. Alikuwa anamsimulia Yeye aliyelijua sikio lile kabla ya mama yake, na alihisi anasikilizwa bila haraka. Hapo ndipo alipompenda Mungu. Hakupewa sababu ya kifo kile, na hakuacha kuidai. Alimpenda hivyo hivyo, akiwa bado anamdai, na alishangaa kwamba mambo hayo mawili yaliweza kukaa kifuani pamoja.

Alhamisi alikwenda kwa mke wa kinyozi peke yake. Binti alimsogezea kiti, yeye akachagua kukaa kitandani kando yake. Mashine ilikuwa inanguruma ukutani kama juzi.

"Ulimwambia?" binti aliuliza.

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Kwa nini alimchukua hakuniambia. Nisikudanganye, mwanangu. Nilimuuliza, na mpaka naingia hapa hajaniambia."

"Sasa ilisaidia nini?"

Sentensi nzuri zilimjia Bi Nakala tele, akaziacha zipite. "Nilimwambia nimemkasirikia, na hakuondoka. Halafu mtoto wangu nilikuwa nimemsahau uso. Nilimkumbuka. Tukawa tunamzungumzia, mimi na Yeye."

Binti alishusha macho. Alivuta uzi kwenye pindo la shuka, akauzungusha kidoleni, akauzungusha tena.

"Wangu alikuwa na nywele nyingi," alisema. "Nyeusi, mpaka hapa shingoni. Baba yake alisema huyu ndiye mteja atakayenyolewa bure mpaka azeeke."

"Mwambie Mungu."

"Si anajua? Yeye ndiye aliyeziotesha."

"Anajua. Mwambie hivyo hivyo."

"Kwa maneno gani, Mama?"

"Hayo hayo uliyoniambia mimi."

Binti aliinua kichwa. Hakufunga macho, na Bi Nakala hakumwambia ayafunge. "Alikuwa na nywele nyingi," alisema tena, na safari hii hakuwa anaongea na mgeni wake. "Nilikuwa sijaziosha hata mara moja. Nilikuwa nangoja apate nguvu. Na wewe ulijua nangoja." Sauti ikapanda, ikapasuka katikati, akaendelea nayo ikiwa imepasuka, akasema yote aliyoyanyamazia wiki mbili, na Bi Nakala akamshika mkono bila kuongeza neno lake hata moja.

Upande wa pili wa ukuta mashine ilizimika. Walisikia kiti kikisogezwa na kinyozi akimwomba mteja radhi. Kisha mlango ukafunguka, akaingia na vipande vya nywele za mtu vimemganda mikononi, akaketi upande wa pili wa mkewe. Hakuuliza anaongea na nani. Alisikiliza mpaka mkewe alipoishiwa maneno.

"Na mimi ninalo la kukwambia," kinyozi akasema, naye hakufunga macho.